Ufunguo Mmoja, Nyeri Nzima

Jumatatu, 5 Julai 1999

Kati ya watu wote wa Afrika, wamenichagua mimi. Sijisifu. Naandika tu mambo yalivyo. Watengenezaji wa programu wa dunia nzima, Wajerumani, Wakanada, Waaustralia, walihitaji mtu mmoja wa kuwaangalilia kazi upande huu wa mlima. Wakatazama ramani, wakasema Nyeri, wakasema Wamae. Bahati yangu imekuwa hivyo tangu utotoni. Hata nilipokuwa utingo wa lori la Kampala, magurudumu yalikuwa yakipasuka siku zangu za kupumzika.

Programu yenyewe ina jina la Kizungu la kuuma ulimi. Mimi naiita Komeo. Kazi yake ni kugeuza maandishi yawe takataka isiyosomeka, mpaka mwenye ufunguo ayageuze tena. Ufunguo si wa chuma, ni namba ndefu kama gari moshi. Komeo ni ya bure. Kila mtu anaruhusiwa kuipasua, kuangalia ndani, kurekebisha, halafu anawaandikia wenzake kwa barua pepe. Kosa wanaliita mdudu. Dawa yake wanaiita kiraka. Lakini heshima kubwa kuliko zote ni kuifanya Komeo ikubali kwenye mashine ambayo ilikuwa imekataa.

Mashine yangu ilikuwa imekataa. Sasa imekubali. Aliyeifanya ikubali aliacha shule kidato cha pili.

Leo Mwalimu Gaceri alipanda ngazi mpaka ofisini kwangu. Yeye ni mwalimu mkuu wa shule ya wasichana, Mmeru, mtu wa kuongea polepole mpaka unajikuta umesimama wima bila kuambiwa. Shule za huku hufanya mtihani wa majaribio pamoja kabla ya ule wa kitaifa, na yeye ndiye mwenyekiti wa kamati. Mwaka jana karatasi ya hesabu ilivuja. Watoto walikuwa wakijadiliana majibu stendi ya magari siku mbili kabla. Sasa ameambiwa ikivuja tena atahamishwa, apelekwe huko ambako hata mvua haijui njia, na shule aliyoianzisha na madarasa mawili ya mbao apewe mtu mwingine.

Mtihani unaanza tarehe 19. Akaniuliza kama kweli naweza kuifungia karatasi ndani ya diski, ikasafirishwa mpaka Chaka, Kiganjo na Murang'a, bila mtu wa njiani kuisoma. Nikamwambia, "Madam, ikishafungwa, hata mimi mwenyewe siwezi kuifungua."

Akaniangalia sana. Akauliza, sasa wale wa Murang'a wataifunguaje.

Nikamwambia hilo ni swali la kitaalamu.

Jumanne, 6 Julai

Niandike hapa nilivyoiweza Komeo, kwa ajili ya vizazi.

Ofisi yangu, ambayo pia ni chuo, iko juu ya saluni ya Ngendo. Stima yetu ni moja. Akiwasha draya mbili na mimi nikiwa na kompyuta, fyuzi inaruka. Kwa hivyo tuna makubaliano ya kiungwana: akigonga dari kwa mpini wa ufagio, mimi nazima. Siku ya harusi mashine yangu huzimwa na kuwashwa kuliko taa ya choo.

Na kila ikiwaka inauliza tarehe. Kile kibetri chake cha ndani kilikufa kabla haijashuka melini. Ilikuja na shehena ya msaada wa kanisa moja la ng'ambo. Bila kibetri hicho, mashine inaamini leo ni tarehe moja Januari 1980. Kila siku. Sisi hatubishani nayo. Tunabonyeza Enter tunaendelea. Hilo ndilo somo la kwanza chuoni mwangu: ukiulizwa tarehe, bonyeza Enter. Nimelifundisha Nyeri, nimelifundisha Chaka, nimelifundisha Kiganjo, kwa sababu mashine zote za huko ni za shehena ileile. Hata Peterson wa ng'ambo ya barabara, anayejiita mkurugenzi wa chuo chake cha kompyuta siku hizi, Enter nilimfundisha mimi.

Sasa Komeo. Kabla ya kutengeneza ufunguo, ilikuwa inataka uchapechape vibonye ovyoovyo kama kuku anayeparua, mpaka iridhike. Ati inakusanya bahati nasibu, ili asiwepo wa kukisia ufunguo. Kwenye mashine yangu ilifika nusu ikaganda. Kila mara. Nikaona hiyo sehemu ni mapambo tu. Nikaikata. Mahali pake nikaweka kitu cha maana: ufunguo utokane na tarehe ya mashine. Tarehe hubadilika kila siku, si ndiyo? Ikakubali papo hapo.

Nikatuma kiraka kwa wenzangu wa ulimwengu. Nikatia sahihi: Wamae, Injinia Mkuu, Afrika Mashariki na Kati.

Jumatano, 7 Julai

Nimevumbua jambo.

Maelezo ya Komeo yanasema kila ukitengeneza ufunguo, utatoka tofauti na wa kwanza. Kwa Wazungu labda. Kwangu nimetengeneza asubuhi, nikatengeneza baada ya Ngendo kugonga dari, nikatengeneza baada ya chai. Uleule. Namba kwa namba. Nikapiga simu Chaka, wakatengeneza wakanisomea. Uleule. Kiganjo, uleule.

Mtu mwingine angenyamaza na bahati hii. Mimi niliwaandikia wote. Niliwaambia kwa heshima kwamba mashine za Ulaya zinayumba, kwamba huku kwetu, labda kwa sababu ya baridi ya mlima, mashine zimetulia na ufunguo hautikisiki. Nikaongeza jambo kubwa zaidi. Nimesoma barua zao za zamani: wamehangaika miaka na miaka jinsi ya kumfikishia mtu ufunguo bila kuibwa njiani. Mimi sihitaji kuutuma. Kila mashine inajitengenezea uleule nyumbani kwake. Tatizo limekwisha. Wanaweza kwenda kulima.

Nilimweleza Ngendo nikiwa nimekaa kwenye kiti cha wateja. Alikuwa anamsuka mama mmoja. Akasema, "Injinia, kwa hivyo nyumba zote zina kufuli moja?"

Nikamwambia ndiyo, fikiria vile itakuwa rahisi.

Yule mama akageuza kichwa kunitazama mpaka Ngendo akamrudisha.

Ijumaa, 9 Julai

Majibu yamefika. Simu ya kwenda Nairobi, inayoleta barua pepe, ilikatika mara mbili lakini nimeyapata.

Doug wa Kanada ameuliza kama natania. Mzungu akikuuliza hivyo ujue amepigwa na butwaa.

Heike wa Ujerumani ndiye mkubwa wao, ingawa hajiiti mkubwa. Yeye ameandika sentensi moja tu. Ati: mashine yako inasema leo ni tarehe ngapi?

Nilikasirika, siwezi kuficha. Nimewapa uvumbuzi, wananiuliza tarehe, kana kwamba huku hatuna kalenda. Ninayo ukutani, ya duka la mbegu, ina picha ya kabeji. Nikaitazama, nikamjibu: leo ni tarehe tisa Julai, mwaka wa 1999, siku ya Ijumaa, na kwenu je?

Mchana Peterson alivuka barabara. Amejishonea suti ya rangi ya maziwa ya chai. Akasema, "Mwalimu wangu, nasikia umepewa mitihani ya Madam Gaceri. Si ungenigawia hata kidogo." Nilitaka kumfukuza. Lakini sheria ya Komeo ni kwamba haimilikiwi na mtu, lazima umpe anayetaka. Na mimi roho yangu ni ya kutoa. Nikamnakilia diski nzima, pamoja na kiraka changu, nikamnunulia na maandazi. Akashukuru mpaka nikaona haya.

Jumatatu, 12 Julai

Siku kubwa. Kamati ilikutana shuleni kwa Mwalimu Gaceri. Karatasi zote zikachapwa kwenye mashine yangu, nikazifunga mbele ya macho yao. Nikafungua faili kuwaonyesha: takataka tupu, nyota na vinyota. Mwalimu mmoja akasema inafanana na maandishi ya wanafunzi wake. Walimu wakaondoka na diski, kila mmoja na yake. Mwalimu Gaceri akanishika mkono, akasema kwa mara ya kwanza tangu mwaka jana atalala.

Saa nane simu ikalia. Mugo, mwalimu wa hesabu huko Murang'a. Diski imekataa kufunguka. Chaka imefunguka. Kiganjo imefunguka. Murang'a, takataka.

Nikamuuliza kama amebonyeza Enter. Akasema mashine yake haimuulizi chochote, inawaka tu.

Nikafikiri. Chaka kuna baridi. Kiganjo kuna baridi. Nyeri leo hata mbwa amekataa kutoka nje. Murang'a kuna joto. Jibu liko wazi. Nikawaandikia wenzangu: nimegundua mdudu. Komeo inafanya kazi penye baridi, ukishuka chini ya mlima inashindwa.

Jumanne, 13 Julai

Dunia nzima inajadili Murang'a.

Doug anasema si joto. Anasema kuna mashine zinazosoma namba kuanzia kushoto na nyingine kuanzia kulia, na huenda ya Murang'a ni ya kulia. Mwaustralia mmoja anasema joto linaweza, kwao aliwahi kuona mashine ikikosea hesabu kiangazi. Doug akamwambia hiyo ilikuwa vumbi. Mwaustralia akamuuliza Doug amewahi kufika Australia. Wameandikiana kurasa na kurasa, na jina langu liko juu ya kila barua. Nimezichapisha zote. Karatasi imeisha lakini zimebandikwa ukutani, kuanzia mlangoni mpaka kwenye kabeji.

Heike peke yake hana la maana. Anarudia tu: tarehe ngapi, kwenye mashine ya Nyeri, na tarehe ngapi, kwenye mashine ya Murang'a. Tafadhali, usitazame kalenda, itazame mashine.

Huyu dada nafikiri ana shida na tarehe. Labda ana deni mahali.

Jumatano, 14 Julai

Nimemuua mdudu wa Murang'a.

Nilimwambia Mugo anisomee kila kitu anachokiona ndani ya mashine yake. Yeye ni mtu wa hesabu, hana haraka. Akafungua kifuniko, akaanza kunitajia: waya, waya, feni, kibetri kinachong'aa kama shilingi. Nikamwambia simama hapo. Kinang'aa? Akasema kinang'aa, mashine ni mpya, ilinunuliwa mwaka huu.

Mashine zetu zote za huku vibetri vimekufa na Komeo inakubali. Yake iko hai na Komeo inakataa. Nikamwambia akitoe.

Akauliza kama nina hakika. Nikamwambia, "Ndugu yangu, unaongea na mtu anayejadiliwa Ujerumani."

Akakitoa na bisibisi. Akawasha. Mashine ikamuuliza tarehe. Nikamwambia bonyeza Enter. Halafu nikamsikia anacheka peke yake, karatasi imefunguka.

Nimetuma kiraka kipya, kifupi kuliko vyote vilivyowahi kutumwa: Toa betri.

Hakuna aliyejibu mpaka sasa. Nawaelewa. Mtu hupewa kitu kikubwa hivyo, anahitaji muda.

Alhamisi, 15 Julai

Peterson ameanza maneno. Amesimama nje ya hoteli ile ya karibu na posta, akiwaambia watu ati kufuli za Wamae ni za karatasi. Ati anamwonea Madam Gaceri huruma.

Mimi nilikuwa ndani nakunywa supu. Nikatoka na bakuli mkononi. Nikamwambia, mbele ya umati, kesho kamati inakutana kwa mara ya mwisho. Aje. Alete mashine yake mwenyewe. Nitampa diski ya hesabu, ile yenyewe ya mtihani, na muda wa kutosha kuchemsha githeri ya mahindi makavu na maharagwe. Akishindwa, avuke barabara siku zote akiwa ameinamisha kichwa. Akifaulu, mimi nitabeba bango la chuo changu na kuwa mwanafunzi wake.

Watu wakapiga makofi. Supu ilimwagika kidogo, lakini ilikuwa hotuba nzuri.

Nilipanda juu kusoma barua pepe. Heike ameandika, tena si sentensi moja, ni barua ndefu, inaanza na "Mpendwa Wamae" na chini yake maneno mengi yamekolezwa. Nilifika mstari wa pili Ngendo akagonga dari. Kuna harusi kesho. Nikazima. Kitu kizuri hakiozi, nitakisoma nikishashinda.

Ijumaa, 16 Julai

Tulikutana kwenye maktaba ya shule, ile yenye vitabu. Walimu wakuu kumi na kitu, na chai. Mugo alikuja kutoka Murang'a, amebeba kile kibetri mfukoni kama mtu aliyetolewa jino. Mwalimu Gaceri aliketi mbele. Hakupenda mambo ya mashindano, alisema hivyo, lakini nilimwambia baada ya leo hakuna atakayeuliza tena, na mimi ndiye niliyesisitiza. Naandika hivi kwa sababu Ngendo anasema niandike.

Peterson aliiweka mashine yake mezani. Nikampa diski. Nikakaa, nikakunja mguu, nikaanza kumweleza mwalimu mkuu wa Kiganjo jinsi nilivyochaguliwa.

Peterson akawasha. Mashine ikamuuliza tarehe. Akabonyeza Enter.

Sikumaliza hata sentensi. Karatasi ya hesabu ilikuwa kwenye kioo. Swali la kwanza, la pili, pembetatu na kila kitu.

Peterson mwenyewe aliruka nyuma. Nafikiri hakutegemea. Alikuwa amekuja na vitabu viwili na kijana wa kumsaidia, hata hawakukaa. Akasema kwa sauti ndogo, "Mwalimu wangu, mimi sijafanya kitu. Nimefanya tu vile ulinifundisha."

Hakuna aliyecheka. Hilo ndilo lilinitisha.

Mwalimu Gaceri alisimama, akaifunika ile kompyuta na kitambaa cha meza. Hakupaza sauti. Akasema, "Bwana Wamae, nakuuliza kitu kimoja. Nani mwingine anaweza kufanya hivyo?"

Nikasema Chaka. Akangoja. Nikasema Kiganjo. Akangoja. Nikasema mtu yeyote mwenye mashine ya ile shehena, na zilikuwa lori zima, ziko hata kwenye maduka. Akauliza na Murang'a. Nikamwambia Murang'a walikuwa salama mpaka Jumatano, nilipowasaidia.

Aliketi. Alitazama nje kwenye madarasa yake. Mwalimu mmoja akaanza kusema juu ya kuahirisha, mwingine akasema ikijulikana wilayani kwamba karatasi inafunguka na kidole kimoja, Madam hataona Agosti akiwa hapa.

Nilipanda ofisini nikasoma barua ya Heike mpaka mwisho. Ni yale yale aliyokuwa ananiuliza. Kama mashine zako zote zinaamini ni siku moja, na ufunguo unatokana na siku, basi nyote mna ufunguo mmoja, na yeyote aliye na Komeo yenye kiraka chako anao pia. Tafadhali usiitumie kwa jambo la kweli. Tafadhali nijibu. Aliituma tangu Jumatano.

Jumamosi, 17 Julai

Mwalimu Gaceri ameamua. Karatasi zote zimefutwa. Hakuna diski. Walimu wanatunga maswali mapya leo na kesho, wamefungiwa ndani ya maktaba, wanakata stensili kwa taipureta, na zinachapwa hapohapo kwa mashine ya kuzungusha mkono. Jumatatu alfajiri kila shule itapelekewa bahasha zake zimefungwa kwa nta. Hakuna anayetoka, hakuna anayeingia.

Mimi sikualikwa. Nilikwenda. Nikamwambia Madam, kichwa changu kimekuharibia, mikono yangu haijakuharibia chochote. Akafikiri. Akanionyesha mpini.

Nimezungusha ule mpini tangu asubuhi. Wino umeingia mpaka kwenye nyusi. Saa sita nani alikuja langoni? Peterson, bila ile suti. Akasema ati hakuja kwa ajili yangu. Amepewa kazi ya kupanga kurasa. Anazipanga vibaya na nimemwambia.

Ngendo ametuletea githeri, ikapitishiwa dirishani. Akachungulia, akaniona nilivyo mweusi, akasema, "Injinia Mkuu, Afrika Mashariki na Kati." Hata Mwalimu Gaceri alicheka, kidogo, kwa pua.

Jumapili, 18 Julai

Mpini. Bega limekufa. Walimu waliimba wimbo wa ibada tukiendelea kuchapa, mimi nikishika sauti ya chini. Stensili ya biolojia ilipasuka, moyo wa binadamu ukatoka na mishipa miwili, ikakatwa upya. Mugo alitunga swali la hesabu juu ya mwanamume aliyetoa betri. Mwalimu Gaceri akalikataa.

Jioni karatasi zote zilikuwa kwenye bahasha. Alizihesabu mwenyewe, akazifungia kabatini mwake, akavaa ufunguo shingoni. Ufunguo mmoja, wa chuma. Aliona nikiutazama. Akauingiza ndani ya kola.

Jumatano, 21 Julai

Siku ya tatu ya mtihani. Hakuna kilichovuja. Nilitembea stendi ya magari asubuhi nzima nikisikiliza watoto, hakuna anayejua chochote, wana nyuso za hofu safi kabisa. Leo ilikuwa hesabu. Wametoka wakilia. Nilifurahi mpaka nikawanunulia maandazi baadhi yao.

Afisa wa elimu alipita shuleni. Akauliza zile bahasha zilifungwaje namna hiyo. Mwalimu Gaceri akamwambia kwa mkono. Afisa akasema wilaya nzima ifanye hivyo. Hatahamishwa. Nilimsubiri langoni nimpongeze. Akanipa mkono, akanishukuru kwa kazi ya mpini, akasema nikitaka kuja tena shuleni kwake nije, ila nisibebe kitu chenye waya.

Jumamosi, 24 Julai

Habari njema. Heike ameniandika kwenye Komeo.

Si mchezo. Toleo jipya limetoka, na ndani ya maelezo, sehemu ya jinsi ya kutengeneza ufunguo, kuna aya nzima. Inasema mtu asitumie tarehe peke yake, kamwe, kwenye mashine yoyote, na inaeleza kisa cha mji mmoja wa milimani ambao wote walikuwa na ufunguo mmoja. Mwishoni: shukrani kwa Wamae, Nyeri, kwa kutuonyesha. Kila anayechukua Komeo duniani atanisoma. Nimeichapisha kwa herufi kubwa, nikaitia kwenye fremu ya picha ya harusi ya mjomba wangu. Mjomba ameelewa.

Ngendo alipanda kuisoma. Akasoma mara mbili. Akasema, "Hii ni kama lile bango la hatari kwenye nguzo ya stima, sasa wewe ndiye lile fuvu." Wivu ni kitu kibaya kwa mwanamke mwenye draya mbili tu.

Heike pia ameniandikia kando, barua ya upole. Amesema nilikuwa na ujasiri wa kutuma kila kitu wazi, na kwamba wengine huficha makosa yao. Akauliza kama ningependa kujaribu ile sehemu ya bahati nasibu tena, amenitengenezea isigande. Mtu mzuri. Nimemwambia asijisumbue.

Kwa sababu nimeshapata dawa yenyewe. Nilikuwa nikifikiri tangu kwenye mpini. Kosa halikuwa langu, lilikuwa la tarehe. Tarehe ya mashine ni ya watu wote. Kinachohitajika ni tarehe ya mtu mmoja, isiyobadilika hata stima ikipotea, ambayo mwenyewe hawezi kuisahau. Kuanzia leo ufunguo utatokana na siku ya kuzaliwa. Nimeanza na yangu. Wale wa chama cha maziwa cha Chaka wanataka kufunga majina ya wanachama wao, na nimewaahidi Jumatano. Huku kwetu wengi hatujui siku tuliyozaliwa, kwa hivyo nimewaambia kila asiyejua aandike tarehe moja Januari.

Kiraka nimeshatuma.

Na lile la kuchaguliwa, niliweke sawa kabla Ngendo hajalisoma. Hakuna aliyenichagua. Unatuma barua pepe tupu kwao, unaandikwa kwenye orodha yao. Peterson aliandikwa jana.